Brashi ya Rangi Nyekundu

Sogeeni, na mwenye mtoto ampakate vizuri, maana kisa hiki kina katapila ndani yake.

Palikuwa na mji uliojengwa kwa ajili ya kiwanda cha kamba za mkonge. Kiwanda kikafa, na Mtaa wa Kamba, walikokaa wafanyakazi wake, ukaanza kufa nao. Watatu walikuwa bado wamo. Siwatu, mama kijana mwenye mtoto mchanga, alijua rangi: kuku aliyemchora kwenye bango la mama ntilie ungetamani kumkimbiza. Shekiondo alijua sauti: akilisikia jina lako leo, kesho limo kwenye wimbo. Bi Mwanakombo alijua kitambaa: alikutazama ukipita tu, akakushonea gauni lisilobana wala kupwaya.

Asubuhi moja watu wa halmashauri wakaja na ndoo ya rangi nyekundu, wakapiga X kila nyumba. Barabara mpya ingepita pale. Katapila likaegeshwa mwisho wa mtaa.

Siwatu akaingiwa na hofu. Baba wa mtoto alikuwa machimboni, simu yake haipatikani, na huo mlango wenye X ndio pekee ambao angeujua akirudi. Akamfunga mtoto mgongoni, akashika brashi. Hakuwaza sanaa, jamani, aliwaza jambo moja tu: wasipoiona X, hawataijua nyumba. Yake akaigeuza mkasi wa kinyozi. Ya jirani ikawa tiara ya kurusha, ya pili ikawa mikono ya bibi aliyejikumbatia, akaenda hivyo hivyo mpaka mtaa mzima haukubaki na X hata moja. Habari zikaenea. Watu wakaanza kuja kutazama.

Lakini walitazama wakaondoka. Ndipo Shekiondo akatoa ngoma yake barazani, akaiimbia kila nyumba: nani alisokota kamba humu, nani aliolewa humu, nani alifukuzwa na mkewe humu kwa ulevi. Watu wakacheka, wakakaa. Waliokaa wakasikia njaa, na majiko yaliyokuwa yamepoa yakawashwa tena.

Lakini waliokaa walirudi kwao mikono mitupu. Ndipo Bi Mwanakombo akazichonga zile picha kwenye mbao, akazipiga chapa kwenye kitambaa, akashona mashati. Mashati yakafika mikoa ya mbali. Wakaja wachuuzi, wakaja mabinti wa kujifunza cherehani, na mabasi yaliyokuwa yakipita kasi yakaanza kusimama.

Halmashauri ikapindisha barabara. Mtaa mzima ulipiga vigelegele, na Siwatu akalala usingizi wa kweli.

Haukudumu. Mtaa ulipopendeza, wenye hoteli nao waliupenda. Akaja afisa wa mipango miji, ndoo ileile mkononi, katapila lilelile nyuma yake.

"Nyumba hizi ni za halmashauri, na zimepata wapangaji wapya," alisema. "Moja tumeitenga, ya kudumu, kwa yule aliyeufufua mtaa. Wawili watahama. Mtajeni wenyewe."

Bi Mwanakombo akaanza: "Nani angeujua mtaa huu? Sifa zenu zilifika mikoani migongoni mwa watu, kwenye mashati yangu."

"Nani angeyanunua kama ngoma yangu isingewakalisha?" Shekiondo akadakia. "Mimi nimezaliwa humu. Na huyu Siwatu alikuwa anaficha X tu, kasema mwenyewe!"

"Ndiyo niliogopa! Niliogopa, mjomba, mtoto analia, katapila lile pale, ningefanya nini, nikachora, sasa mnanihukumu kwa woga wangu? Wewe si ulikuwa umeshafunga virago? Na wewe shangazi, hizo picha za mashati ni mkono wa nani?"

"Mkono wako, mwanangu," Bi Mwanakombo akajibu taratibu. "Na hiyo mbeleko uliyombebea mwanao ni mkono wa nani?"

Siwatu akaigusa mbeleko. Hata Shekiondo akatazama chini, maana mtoto huyo hakupata usingizi bila yeye kumwimbia.

Afisa akatazama saa. "Mimi sitaki ugomvi. Mama, wewe si ndiye mchoraji? Shika. Piga X milango miwili, ya watakaohama."

Akamwekea brashi mkononi.

Sasa Siwatu amesimama katikati ya mtaa. Mtoto ameamka mgongoni, anaivuta mbeleko. Ngoma imenyamaza, cherehani imenyamaza, katapila linanguruma. Shekiondo yuko mlangoni kwake, Bi Mwanakombo kwake, na mlango wa tatu uko wazi, hauna mtu. Rangi inamdondokea mguuni.

Mimi naishia hapo, kwa sababu yeye bado amesimama. Haya, ninyi mliokaa hapa: brashi ingekuwa mkononi mwako, na mwanao mgongoni, ungeanza na mlango wa nani?