Idhini ya Zamda

Kimya cha mwana hufasiriwa na mlezi. Methali hiyo mmeisikia leo kikaoni, mkatazamana kama kuku wageni, na sasa mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Haikushuka na mvua. Ilianzia Ujiji, siku ya harusi, na ilianza hivi.

Alikuwako mtu akiitwa Mrisho, mfanyakazi wa treni ya Kigoma na Dar es Salaam. Mkewe alifariki akamwachia binti wa miaka mitatu, Zamda. Mtu wa treni halei mtoto, kwa hiyo Zamda alichukuliwa na mjomba wake, Maalim Kitwana, mwalimu wa chuo cha Kurani. Alikaa kwake mpaka alipotimiza miaka kumi na mitano, ndipo Mrisho alipojenga nyumba na kumchukua binti yake. Lakini hata hapo treni haikumwachia nafasi. Alikuwa akija siku mbili, anaondoka siku kumi.

Zamda alipofika miaka kumi na tisa, ikaja posa kutoka kwa Mzee Bilali, rafiki wa Mrisho, akimposea mwanawe Yasini. Yasini hakuwa na kasoro ya kutajwa. Mrisho akafurahi, akapanga siku, akasema hataki sheikh wa kuazima. "Shemeji yangu ni maalim," alisema. "Ataniozeshea yeye. Jambo la nyumbani limalizwe na watu wa nyumbani." Nadhani alitaka pia mambo yaende haraka, maana likizo yake ilikuwa ya siku nne tu.

Siku ikafika. Wanaume walijaa barazani, Yasini katikati yao na kanzu yake mpya, kahawa inazunguka. Nyuma ya nyumba pilau lilikuwa tayari. Maalim Kitwana alipewa uwakala na Mrisho, akaingia ndani na mashahidi wawili kuchukua idhini ya mwari. Zamda alikuwa amekaa kitandani, amefunikwa kanga mpya, kungwi wake pembeni.

"Zamda," Maalim akasema, "baba yako ameniwakilisha nikuozeshe kwa Yasini bin Bilali. Umeridhia?"

Zamda alinyamaza. Maalim akauliza mara ya pili, kisha ya tatu. Kimya.

"Maalim nawe!" kungwi akasema. "Mwari gani husema? Kesharidhia huyo, nenda ukafungishe." Mashahidi walikuwa wamekwisha kuvaa viatu.

Kungwi hakukosea. Dini inasema hivyo na watu wamezoea hivyo: mwari huona haya, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake. Lakini Maalim alimlea huyu. Zamda akipenda kitu, utajuta kumpa: atakuuliza nani kakipika, kimetoka wapi, kimebaki kingine? Asichokipenda hukinyamazia. Alinyamaza alipopewa maji ya mwarobaini, akayanywa. Alinyamaza aliposhonewa gauni la Idi la rangi asiyoipenda, akalivaa kutwa nzima. Hakuwa mtoto wa kugoma. Ndiyo maana Maalim aliogopa, kwa sababu alijua ataolewa hivyo hivyo, kimya kimya, na ataishi hivyo hivyo.

Akatoka barazani.

"Idhini sikuipata," alisema.

Mrisho akasimama. "Amekataa?"

"Hakukataa."

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu."

"Basi, Maalim! Hata mtoto wa chuoni kwako anajua kwamba kimya cha mwari ni idhini."

"Anajua kwa sababu nimemfundisha mimi. Mwari nisiyemjua, ningemfungishia sasa hivi. Huyu namjua, shemeji. Akinyamaza, hataki."

"Unaniaibisha mbele za watu! Mimi ndiye baba yake!"

Watu wakainamisha nyuso. Kila mmoja alitazama kikombe chake kama ndiyo kwanza anakiona. Mzee Bilali, ambaye aibu ile ilikuwa yake pia, na pengine zaidi, akaweka chake chini.

"Mrisho, ndugu yangu," alisema, "nikuulize bila ugomvi. Kwako wewe, binti huyu akinyamaza huwa na maana gani?"

Mrisho alijua saa ya treni kuingia kila stesheni toka Kigoma mpaka Dar es Salaam. Hili hakulijua.

"Basi usimgombeze Maalim," Mzee Bilali akasema. "Kimya cha mwana hufasiriwa na mlezi."

Mrisho aliingia ndani peke yake. Kungwi akatoka, ila hakwenda mbali, na ndiye aliyetusimulia yaliyofuata. Mrisho alikaa kwenye mkeka, chini kabisa, karibu na miguu ya binti yake.

"Unamtaka Yasini?" akauliza.

"Simtaki, baba."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikwambia. Nilikwambia ilipokuja posa, nikakwambia ulipoleta nguo, nikakwambia na jana usiku."

"Jana ulinyamaza, Zamda."

"Ndiyo, baba."

Kungwi alisema hapo Mrisho alilia, na mimi namwamini, kwa sababu alipotoka barazani macho yalikuwa mekundu na hakuyaficha. Alimwendea Yasini akamwomba radhi, kisha akamshika Mzee Bilali mikono yote miwili. Akawaambia watu hakuna ndoa, lakini pilau lipo, wakae wale. Wapo waliokasirika, ingawa sikusikia aliyeondoka na njaa.

Jirani mmoja aliyechelewa, asiyejua lililotokea, akamvuta Mrisho kando kumuuliza kulikoni, baba mtu yupo, mwozeshaji ni mjomba, kumeharibika nini. Mrisho angeweza kumsingizia Maalim, au binti, au shetani. Alimjibu kwa sauti ambayo baraza zima lilisikia:

"Kimya cha mwana hufasiriwa na mlezi. Mimi nilizaa tu."