Kwa Nini Marafiki Hawaapi

Basi sikilizeni, wajukuu. Hapo kale, huko Uingereza, neno la mtu mnyonge halikuwa kitu mbele ya hakimu. Ilibidi uweke mkono juu ya Biblia na kuapa, ndipo uaminiwe. Aliyekataa alihesabiwa mwasi wa mfalme.

Siku hizo wazee wetu wa imani, Marafiki, walichukiwa mno. Walikusanyika bila padri, wakakaa kimya kumngojea Roho, na hawakumvulia kofia mkubwa yeyote. Watu waliwadhihaki kwa kuwaita Watetemekaji, kwa jinsi walivyotetemeka Roho alipowashukia. Askari waliwapiga ibadani na kuwaswaga gerezani kama ng'ombe.

Miongoni mwao alikuwamo Dorkasi, mfumaji wa nguo, mke wa Amosi. Walimkamata ibadani, wakamburura hadi kwa hakimu. Hakimu alitaka jambo moja tu: aape kumtii mfalme, kisha aende zake.

"Siapi," alisema Dorkasi. "Bwana Yesu alikataza. Ndiyo yangu ni ndiyo, siyo yangu ni siyo. Nikiapa leo, nitakuwa nimekiri kwamba jana nilikuwa mwongo."

"Basi utaozea gerezani!"

Wakamtia katika chumba cha chini, chenye maji sakafuni. Mtambo wake wa kufumia wakaunyakua. Baridi ilipokaza, habari ikamfikia kwamba Amosi yu mahututi kwa homa. Mkuu wa gereza, mtu mkali aliyeitwa Gilbati, akamjia na Biblia mkononi.

"Apa kwamba utarudi, nikufungulie ukamwone mumeo."

Dorkasi alilia kwa uchungu, kwa maana alimpenda Amosi. Lakini mkono wake haukuinuka.

"Nitarudi," alisema. "Neno hilo likikutosha, fungua. Lisipokutosha, mimi nitafia humu na yeye atafia kule."

Gilbati alimkodolea macho, akatukana, kisha akafungua mlango.

Dorkasi alimkuta mumewe angali na pumzi. Akamshika mkono mpaka roho ilipomtoka, akamzika. Majirani wakamsihi, "Toroka, mama! Nani atakulaumu?"

"Wamenipora kazi, wamenipora hata siku za mwisho za mume wangu," akawajibu. "Neno langu hawalipati."

Akajitanda shali, akatembea peke yake kwenye theluji, akaligonga lango la gereza kwa ngumi. Gilbati mwenyewe akamfungulia.

Dorkasi hakutoka tena. Alifia humo, bila kuapa. Lakini habari zake zilienea, na Marafiki wengine wakasimama mbele ya mahakimu wakisema, "Siapi." Magereza yakafurika. Miaka ikapita, na wakubwa wakachoka kabla yao. Sheria ikabadilishwa, Rafiki asilazimishwe tena kuapa.

Na ndiyo maana hadi leo, hata hapa kwetu Maragoli, Rafiki akiitwa mahakamani hana haja ya kuinua Biblia. Husimama wima akasema, "Nathibitisha." Karani akishangaa, mwacheni ashangae.