Makufuli Arobaini na Moja ya Rumaniya

Wamepokezana wasimulizi waaminifu, mmoja kwa mwenzake, kwamba katika zama za waja wema waliotutangulia palikuwa na mji mdogo wa soko ulioitwa Rumaniya, kwenye njia ya misafara. Katika mji huo aliishi mhunzi mcha Mungu, Nuaimu bin Khalafu. Baadhi ya watu humwita Nuumani, nalo ni kosa. Nuumani alikuwa babu yake. Sokoni alijulikana zaidi kwa jina la Abu Safwani.

Rumaniya haikuwa na makufuli. Ilipoadhiniwa, mwenye duka aliteremsha jamvi mlangoni, akaenda kuswali, akarudi akaikuta mali yake kama alivyoiacha. Hata ukaja mwaka wa njaa katika nchi za jirani. Misafara ikazidi, na pamoja na misafara wakaja watu wasiojulikana. Likapotea gunia la ngano. Ikapotea mizani ya shaba. Juma hilo hilo muuza viatu akaibiwa jozi sita, naye alikuwa ameketi mlangoni pake amesinzia, akaona haya kumwambia mtu. Hofu ikaingia mjini. Watu wakaacha kuwakaribisha wageni, na wanawake wakawa wanawaita watoto ndani jua lingali juu. Kila mwenye duka, na hata Kadhi wa mji, akamwendea Nuaimu na neno moja: kufuli.

Wakawa watu arobaini na mmoja kwa mwezi mmoja, na fundi ni yeye peke yake. Kukata meno ya ufunguo mmoja kulimchukua siku mbili, na watu walikuwa wamesimama mlangoni wakimharakisha. Basi Nuaimu akatengeneza kalibu moja tu, akayatoa makufuli yote katika kalibu hiyo. Akajiambia: mwizi akiona chuma atageuka, hataulizia meno, nitakapopata wasaa nitayabadili, moja baada ya moja. Juu ya kila kufuli alichora kwa patasi jina la mwenyewe na la baba yake, kwa hati nzuri, na kwa macho yalionekana kuwa makufuli arobaini na moja. Lakini kwa ufunguo lilikuwa kufuli moja.

Wasaa haukupatikana. Wizi ulikoma, watu wakalala usingizi, na kila alipopita sokoni walimwombea dua. Dua hizo ndizo zilizomziba mdomo.

Palikuwa na mjane muuza nguo, Bi Lubaba binti Harithi, aliyesifika kwa uaminifu hata wasafiri wakimwekea amana zao. Msafiri mmoja alimwachia jora la hariri ya kijani, akamwambia atalichukua akirudi. Siku moja Bi Lubaba alirudi kutoka swala ya adhuhuri, akalikuta kufuli limefungwa kama alivyoliacha, akaingia, na jora halikuwapo.

Funguo za duka lake zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao mwenyewe. Wa pili alikuwa nao hamali wake, Mifdhali bin Ruzaiki, mtu mgeni aliyekuja na mkewe na binti zake wawili mwaka ule wa njaa. Watu hawakuhitaji kufikiri sana. Mifdhali akapelekwa kwa Kadhi Mundhiri bin Asadi, na Nuaimu akaitwa atoe ushahidi wa fundi.

Kadhi akamwuliza, "Ewe Nuaimu, kufuli hili limevunjwa?"

"Halikuvunjwa, maulana."

"Basi limefunguliwa kwa ufunguo?"

"Limefunguliwa kwa ufunguo."

"Ulimkatia Bi Lubaba funguo ngapi?"

"Mbili, maulana."

Kila neno alilolisema lilikuwa kweli, naye akanyamaza hapo.

Kadhi hakuona ushahidi wa kumhukumu Mifdhali kwa wizi, wala hakuona njia ya kumwacha. Watu wa soko walikuwa wakipiga kelele kwamba hawatafungua maduka maadamu yule mgeni yumo mjini. Akampa muda hadi Ijumaa. Asipoileta hariri, yeye na watu wake wauhame mji. Na mji wa pili ulikuwa mwendo wa siku tano, katika jangwa, na binti yake mdogo alikuwa na homa.

Mifdhali alipopitishwa mbele ya Nuaimu alisimama, akasema, "Fundi, mimi kazi yangu ni kubeba, chuma sikijui. Wewe wakijua. Hakuna njia nyingine kabisa?"

Nuaimu akatazama chini, akasema, "Mungu atakufanyia wepesi."

"Amina," akasema Mifdhali, akaenda zake, akidhani ameombewa dua.

Nuaimu akarudi nyumbani, na mkewe, Rumaisa binti Waili, akamwekea chakula. Akaumega mkate, akaurudisha sahanini.

Rumaisa akasema, "Mkate umekukosea nini, Abu Safwani?"

Ndipo alipomweleza habari ya kalibu, tangu mwanzo. Kisha akasema, "Nikilisema jambo hili, nitaifungua milango arobaini na mmoja kwa siku moja. Kila mwizi atakayesikia atakuja Rumaniya. Je, si bora adhulumiwe mtu mmoja kuliko mji mzima? Haya ni maslahi ya watu."

"Ya watu, au ya Nuaimu?"

Nuaimu akaisogeza sahani kando.

"Milango hiyo iko wazi tangu siku uliyowauzia makufuli," akasema Rumaisa. "Tofauti ni kwamba leo wanaojua ni wawili tu. Wewe, na aliyechukua hariri. Tangu hariri ilipopotea umekuwa mshirika wake, mnatunza siri moja. Kula mkate wako."

Hakuula. Akatawadha, akaswali rakaa mbili, akakaa juu ya mswala mpaka alasiri. Inasemekana kwamba alimwomba Mwenyezi Mungu amwonyeshe njia nyingine, na kwamba alipoinuka alijua hakuna njia nyingine.

Siku ya Ijumaa, watu walipotoka kuswali, Mifdhali alikuwa amesimama uani mwa msikiti na kitita chake. Mkewe alikuwa kando, amembeba mtoto mwenye homa. Nuaimu akapanda kwenye ngazi ya msikiti akiwa ameshika kufuli la Bi Lubaba.

Akasema, "Enyi watu wa Rumaniya, nani atanipa ufunguo wake?"

Watu wakatazamana. Muuza ngano, Jahdari bin Sinani, mtu mnene mwenye mzaha, akauvua ufunguo shingoni. "Chukua wangu, fundi. Lakini nakuonya, huo unafungua ghala la ngano tu. Mke wangu nimemjaribia miaka ishirini, hafunguki."

Watu wakacheka. Nuaimu akautia ufunguo wa Jahdari katika kufuli la Bi Lubaba, akageuza. Kufuli likafunguka.

Kicheko kikakatika. Jahdari akausogelea, akautazama ufunguo wake kama mtu aliyeona nyoka nguoni mwake. "Wallahi," akasema, "mimi sikuchukua hariri."

"Hukuchukua," akasema Nuaimu. "Au huenda ulichukua. Au Kadhi wetu amechukua, kwani ufunguo wake nao utafungua. Nilihimizwa nikaharakisha, nikatengeneza kufuli moja nikaliita arobaini na moja. Mlipolala, mlilala juu ya uongo wangu. Mbele ya Kadhi nilisema kweli nusu, na nusu niliyoificha ndiyo inayomfukuza mtu huyu. Mimi nimemdhulumu Mifdhali bin Ruzaiki, nawaomba mnishuhudie."

Hapo palikuwa na ghasia. Mmoja akapaza sauti, "Fundi, ulituuzia chuma au ulituuzia usingizi?" Mwingine akasema, "Na mimi nikamwombea dua kila asubuhi, ee Mola, nirudishie dua zangu!" Wengine walianza kukimbilia madukani kwao, kisha wakasimama njiani, wakageuka na kutazamana. Jambo lilikuwa limewapambazukia. Funguo hizo hakuwa nazo mgeni yeyote, isipokuwa Mifdhali. Zilikuwa shingoni mwao wenyewe.

Kadhi Mundhiri akainua mkono, wakanyamaza. Akasema, "Mifdhali, teremsha kitita chako. Hapana hukumu juu yako, na yaliyopita yako juu yetu."

Wasimulizi wanasema Mifdhali aliketi palepale chini, kitita kikiwa bado mgongoni, kama mtu aliyebeba mzigo mwendo wa siku nyingi akaambiwa ghafla kwamba amefika. Bi Lubaba ndiye aliyekwenda kumfungua kamba. Akasema, "Mwanangu, nilikupa ufunguo kisha nikakunyima imani. Nisamehe. Kesho duka halitafunguka usipokuja." Kisha akamchukua yule mtoto kutoka kwa mamake, akampapasa paji la uso. "Na huyu ana homa, nanyi mlikuwa mkimpeleka jangwani! Mleteni kwangu."

Kadhi akaendelea, "Kabla ya alasiri, kila mwenye kufuli alipeleke kiwandani kwa Nuaimu pamoja na funguo zake, ayabadili meno. Kila mtu alipeleke ndani ya kikapu cha kubebea tende, kikubwa, kilichofunikwa. Aweke, aondoke."

Jahdari akauliza, "Maulana, kufuli moja kwa kikapu kizima cha tende?"

"Kufuli ni zito, Jahdari," akasema Kadhi, wala hakuongeza.

Ilipoingia alasiri, vikapu arobaini na kimoja vilikuwa vimejipanga kiwandani, vyote vya ukindu, vyote vimefunikwa makuti. Nuaimu akarudi kutoka kuswali, akaanza kuvifunua kimoja kimoja. Katika mojawapo aliinua kufuli, akaona chini yake kitu cha kijani. Jora la hariri lilikuwa limekunjwa vizuri, halikuchafuka. Akalitoa, akalikumbatia, akalia.

Kisha macho yake yakaangukia kufuli alilokuwa amelishika. Jina lilikuwa juu yake, jina na jina la baba, kwa hati yake mwenyewe. Alilisoma mara moja.

Akachukua tupa.

Rumaisa alipokuja kumletea maji, kabla ya magharibi, alimkuta ameketi katikati ya vumbi la chuma, na jora la hariri liko juu ya rafu. Akashika moyo wake, akamhimidi Mwenyezi Mungu. Kisha akauliza, "Unafanya nini na tupa?"

"Nafuta majina."

"Yote?"

"Yote. Nikifuta moja, litajulikana."

Rumaisa akatazama makufuli yaliyokwisha kufutwa na yale yaliyobaki, akafahamu. Akaketi, akachukua tupa ndogo, wakafanya kazi pamoja mpaka ilipoadhiniwa.

Kadhi alipoletewa hariri aliuliza, "Na kikapu kilikuwa cha nani?"

Nuaimu akasema, "Maulana, makufuli hayana majina."

"Alhamdulillahi," akasema Kadhi, "leo umetoa ushahidi ulio mzuri zaidi." Akaamrisha amana irudishwe kwa Bi Lubaba mchana, mbele ya watu, na msafiri aliporudi aliikuta na hakupata kujua kwamba iliwahi kutoka.

Kazi ya kubadili meno ilimchukua Nuaimu karibu miezi mitatu, kwani safari hii alikata kila ufunguo peke yake, wala hakutaka malipo. Muda huo wote maduka ya Rumaniya yalifungwa kwa jamvi, kama zamani. Walioogopa kwamba wezi watajaa mjini waliwaona majirani wakiketi kwa zamu mlangoni mwa wenzao, na Jahdari akiwa wa kwanza, na bakuli lake la bisi. Wageni wakaanza kuamkiwa tena, kwani aliyeketi barazani hana budi kumwamkia apitaye. Hakikupotea hata kiatu. Kisha makufuli yakawa tayari, na kila mtu akachukua moja lolote na ufunguo wake, akalitundika mlangoni, na wengi, wasema wasimulizi, wakawa wanasahau kulifunga.

Ndugu zangu, hofu ya wezi si dhambi, na kufuli zuri ni katika kujihadhari tulikoamrishwa. Lakini tazameni jinsi mji ule ulivyomtafuta mwizi katika uso wa mgeni, na mali ilikuwa kwa mwenyeji. Tazameni pia kwamba usalama haukurudi siku makufuli yalipotundikwa, bali siku mtu mmoja aliposimama juu ya ngazi akasema lililo dhidi yake. Mwenyezi Mungu amewasitiri waja wake kwa mengi, na apendaye kusitiriwa naye amsitiri mwenzake.

Katika kuandika kisa hiki nimejitahidi kuyapata majina yote kwa usahihi wake, ya watu na ya baba zao. Limebaki moja, la mwenye kikapu kile. Hilo sikulitafuta.