Ndama Mmoja wa Jiko la Samadi

Hapo zamani, si zile za mababu bali hizi za juzi tu, kule Rungwe kwenye mvua na migomba, aliishi mjane aitwaye Subilaga. Alikuwa na ng'ombe wawili, samadi tele, na jiko la kuni lililomliza kila siku. Chama cha wafugaji kikaleta mitambo ya kugeuza samadi kuwa gesi ya kupikia. Kijiji kizima kikaziba pua. Chakula cha mavi ya ng'ombe, nani ale? Subilaga naye akakataa. Chama kikatangaza: atakayemshawishi mnunuzi wa kwanza wa kijiji hicho atapewa ndama jike.

Wifi yake Tumpe, aliyeolewa kijiji cha pili ambako mitambo ilikwisha kuingia, akamkaribisha makande. Subilaga akala, akaongeza. Alipokwisha kunawa, Tumpe akasema, "Wifi, hayo yameiva kwa samadi." Subilaga akakasirika, akaondoka. Lakini harufu hakuwa ameisikia.

Akamwendea jirani, mzee Mwakalinga, aliyewahi kuwa na mtambo alipoishi Mbozi.

"Usinunue, mama. Wangu niliunyima maji, ukafa. Unataka samadi na maji kila asubuhi. Hutauweza."

Subilaga akarudi akiwaza: huyu angalau haniuzii kitu.

Kikabaki kikwazo kimoja. Katika nyumba ile mkwe hali kabla mama mkwe hajaonja, na mama mkwe wake, bibi Syabumi, alikuwa ameapa kutoonja chakula cha gesi hiyo. Subilaga akaomba makande kwa Tumpe, akayaweka mbele ya bibi, akamweleza yalivyopikwa. Bibi akakohoa kikohozi chake cha moshi, akaonja.

"Chumvi imepungua," akasema.

Kesho yake Subilaga akanunua.

Siku ya ndama ikafika, wakaja watatu.

Tumpe akasema, "Asingeonja kwangu, angekuwa ameziba pua mpaka leo."

"Ulinidanganya, wifi."

"Ningekwambia, ungekula?"

Mwakalinga akasema, "Mimi nilimwambia ubaya wake. Ndiyo maana akauamini."

"Si ulimkataza, mzee?" Tumpe akadakia.

"Nilimkataza, akanunua."

Bibi Syabumi akasema, "Ninyi mlisema, mimi nikameza. Nisingemeza, angempikia nani?"

Mwenyekiti wa chama akamkabidhi Subilaga kamba ya ndama, ampe mmoja tu. Subilaga akamgeukia Tumpe, akasita. Akamgeukia Mwakalinga, akasita. Akamtazama bibi, ambaye angekula naye jioni ile. Hata yeye hakujua ni lini hasa alikubali.

Msinitazame mimi, wasikilizaji. Mimi nimesimulia tu. Kamba iko mkononi mwa Subilaga, na ndama anavuta. Je, amkabidhi nani?