Laini Haikatwi kwa Butu

"Laini haikatwi kwa butu." Mmenisikia nikimwambia mwenzenu Onesmo maneno hayo, mkacheka, sasa mnaniuliza nimeyatoa wapi. Acheni kucheka kwanza. Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia nyumbani kwangu, juu ya meza yangu ya chakula, na aliyeleta kero yote ile ni babu yenu, marehemu Luvanda. Mungu amsamehe. Mimi siku ile nilishindwa.

Huku kwetu Mafinga ni kwenye mbao. Mtoto anajua mninga ni upi na msonobari ni upi kabla hajajua kusoma, na kitu kigumu ndicho chenye heshima. Babu yenu alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao tangu ujana wake. Alipostaafu akanunua kimashine cha kuchonga kinachoongozwa na kompyuta, cha kujifurahisha tu, kidogo cha kukaa mezani. Na akakiweka wapi? Kwenye meza yangu! Tukawa tunakula ugali magotini, na mboga ina vumbi.

Mashine ile hukata kwa biti, yaani jino la chuma linalozunguka. Muuzaji alimweleza vizuri, nami nilikuwepo. Biti fupi nene ni za mbao. Biti mbili ndefu, nyembamba, kali kama wembe, ni za sponji ngumu, ile ya soli za ndala, na zisiguse kitu kingine. Babu yenu akaitikia "naam, naam". Tulipofika nyumbani akafunga biti moja ndefu na kuchonga nayo jina lake kwenye ubao wa mninga, eti apate herufi za kina kirefu. Nilipomkumbusha akasema, "Mchagua jembe si mkulima." Ubao ukatoa moshi na biti ikawa butu kama kijiko. Jina lenyewe halikusomeka.

Sasa, alikuwa na mdogo wake wa mwisho, Eufrasia, aliyekulia kwetu baada ya mama yao kufariki. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, maana ulivunjika utotoni ukaungwa vibaya. Chini ya kiatu chake palipigiliwa kipande cha mti, kizito, kila akitembea kinagonga ko, ko, ko. Akichelewa kanisani watu wote waligeuka. Lakini hakuwahi kulalamika. Ukimpa kiti kibovu alikaa, na ukimsahau kwenye chakula alikunywa maji akalala. Mnajua watu wapole wanavyofanyiwa: kilichobaki ndicho chao.

Ndoa yake ilipokaribia, akaja na kipande cha sponji ngumu alichokisaka mpaka Iringa mjini. Kilitosha kuchonga soli mbili, ya kuvaa na ya akiba, basi.

"Kaka," alisema, "naomba unichongee soli nyepesi. Siku ya ndoa nataka niingie kanisani bila kugonga."

Hilo tu. Sikuwahi kumsikia akimwomba kaka yake kitu kingine.

Babu yenu akaichukua ileile biti butu, akaifunga.

"Baba Kristina," nikamwambia, "mpya si ipo kwenye pakiti?"

"Ile naitunza, nina mninga wa kuchonga wa parokia. Sponji ni laini, mama. Hata ukucha unaikata."

"Lakini muuzaji alisema..."

"Mchagua jembe si mkulima."

Jamani, nilitamani kumpiga mwiko! Sikio la kufa halisikii dawa.

Akawasha. Biti butu haikuikata sponji. Iliivuta, ikaichana, ikaiyeyusha pembeni, nyumba nzima ikanuka mpira unaoungua. Soli ikatoka kama mkate uliopitiwa na panya. Akasema msasa utarekebisha. Akasugua, nayo ikazidi kumeguka. Hapo ndipo aliposema neno lililonichoma kuliko yote.

"Kwani Eufrasia, ile ya mti ina ubaya gani? Si umeshaizoea?"

Huku anakiweka kipande cha mwisho kwenye mashine, biti ni ileile, eti safari hii ataenda polepole. Eufrasia akanyoosha mkono, akaizima mashine.

"Kaka, ngoja kwanza."

"Nini tena?"

"Nyanya iliyoiva unaikata kwa kisu gani?"

"Kikali."

"Kwa nini, na nyanya ni laini?"

Babu yenu akaitazama ile biti.

"Kwa sababu kisu butu kitaiponda," Eufrasia akasema. "Gogo utalipiga kwa shoka butu na litakuvumilia mpaka uchoke. Laini haikatwi kwa butu, kaka. Na mimi umenikata kwa butu humu ndani tangu mama afariki. Kwa kuwa sipigi kelele, unadhani siumii."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria, nikasahau pa kuiweka.

Nilingoja nisikie habari za jembe. Sikuzisikia. Babu yenu alifungua droo, akatoa pakiti, akaichana kwa meno. Akafunga biti mpya. Safari hii hapakuwa na moshi wala harufu, na soli ikatoka nyororo, nyepesi, unaweza kuipuliza ikasogea.

"Na mninga wa parokia utauchonga kwa biti gani?" nikamchokoza.

"Kwa zile fupi," akajibu kwa sauti ndogo. "Si ndivyo alivyosema muuzaji?"

Mwanamume yule!

Siku ya ndoa sisi tuliketi benchi la mbele, mlango uko nyuma yetu. Kwaya ikamaliza, kanisa likatulia. Babu yenu akatega sikio, akaanza kuhangaika.

"Mbona hafiki?" akaninong'oneza. "Au amebadili mawazo?"

Nikamwambia ageuke. Eufrasia alikuwa ameshafika katikati ya kanisa, kichwa juu, anatabasamu, na hakuna aliyekuwa amemsikia. Babu yenu alifunika uso kwa kofia, akalia mbele ya parokia nzima, mtu mzima yule. Alipopata pumzi akaniinamia sikioni, akayasema yale maneno ya mdogo wake taratibu, kama anayejifunza sala:

"Laini haikatwi kwa butu."