Bwana Ngiri na Kikapu cha Mahindi ya Ukungu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, mashamba na majirani wa kugombana nao, alikuwapo Bwana Ngiri. Sogeeni karibu. Na wewe Mwanakheri, acha kumfinya mwenzio, hadithi haina mbio.

Bwana Ngiri alikuwa na shamba la mahindi, na Bi Kuku alikuwa kibarua wake. Mnacheka nini? Kuku si anaparua ardhi kutwa? Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuparua na kuokota funza. Ujira wake alilipwa mahindi baada ya mavuno.

Mwaka huo Ngiri alivuna, lakini akaogopa kuyaanika mahindi uani.

"Nikiyaanika, ndege watanidonolea yote!" akasema.

Akayasukumia ghalani mabichi mabichi, akafunga mlango. Machache tu aliyapandisha darini jikoni, juu ya moshi, yakakauka vizuri. Hayo akayafanya yake.

Siku alipofungua ghala, lo! Harufu! Mahindi yamevunda, yamefanya ukungu wa kijani. Ngiri akajaza kikapu, akampelekea Bi Kuku.

"Mbona yana ukungu, Bwana Ngiri?"

"Ukungu? Huo ndio utamu wenyewe, Bi Kuku! Kama hutaki, acha."

Bi Kuku angefanyaje, naye ana watoto wa kulisha? Akawapa. Haikupita muda, vifaranga wakalegea mabawa, wakawa wanasinzia mchana kutwa. Yule mdogo kabisa akafa. Bi Kuku akalia, kwe-kwe-kweee, mpaka jirani yake Kindi akateremka mtini, puruu!

"Pole, dada yangu. Pole sana." Akachungulia kikapuni, akanusa. "Chaa!" akapiga chafya. "Dada, hii ni sumu. Usiwape tena hata punje."

"Sasa nitawapa nini, Kindi? Hata hawa waliobaki wataniishia!"

Kindi akaleta majani ya mwarobaini, manjano na kitunguu saumu. Wakatwanga, ti! ti! ti! Wakachanganya na pumba safi na mchwa, wakawalisha watoto kidogo kidogo.

"Dawa hii itawasaidia kupata nafuu," Kindi akasema. "Lakini tusidanganyane, haigeuzi mahindi mabovu yakawa mazima. Lazima tupate yale ya darini."

"Kwa Ngiri yule? Thubutu!"

"Atayaleta mwenyewe mgongoni. Wewe kazi yako ni moja tu. Akikiomba kikapu hiki, mnyime."

Basi vifaranga wakapata nafuu. Manyoya yakalainika, midomo ikawa ya njano kwa ile manjano. Wakawa wanakimbizana uani, pi-pi-pi! Asubuhi moja Ngiri akapita njiani, akasimama.

"Hee! Hawa wanakula nini?"

Kindi alikuwa amekalia kifuniko cha kikapu. "Si wewe uliyetuambia, Bwana Ngiri? Utamu uko kwenye ukungu! Tunakushukuru mno."

Ngiri akameza mate, gudu! Moyoni akasema, "Mjinga mimi! Nimegawa vitu vinono, nimebaki najitafunia makavu."

"Nirudishieni kikapu changu!"

"Ng'o!" Bi Kuku akakikumbatia kikapu kwa mabawa yote mawili. "Huu ni ujira wangu."

"Nitakupa ya darini badala yake."

"Makavu yale? Ya nini?"

"Yote, Bi Kuku! Yote! Nakuomba, mama!"

Bi Kuku akageuza uso, akajifanya anafikiri. "Haya. Kwa ajili ya ujirani tu."

Ngiri akayabeba mgongoni mwenyewe, hu! hu! hu!, jasho linamtiririka. Kisha akaondoka na kikapu chake, akala mpaka akafuta chini kwa ulimi.

Kulipokucha, tumbo, guruguruguru! Akajikokota hadi kwa Jumbe Nyati, na majirani wote wakamfuata kuona kuna nini.

"Jumbe, nimelishwa sumu! Kindi na Bi Kuku wamenilisha sumu!"

"Sumu gani?" Jumbe akauliza taratibu.

"Mahindi ya ukungu! Yamevunda! Nani atakula kitu kile akabaki mzima?"

"Yametoka ghala la nani?"

Ngiri akatazama chini. "Langu."

"Yalifikaje kwa Bi Kuku?"

Bi Kuku akasogea mbele.

"Alinilipa hayo, Jumbe. Nikauliza, akaniambia ni matamu. Nikamlisha mwanangu, akafa. Bwana Ngiri, leo ndiyo umejua kuwa ni sumu?"

Hakuna aliyecheka. Jumbe akaamuru mahindi yote ya ghalani yachomwe moto siku ile ile. Yale ya darini yakabaki kwa Bi Kuku. Dawa Ngiri alipewa, maana Bi Kuku hakuwa na roho mbaya, ila aliilamba huku majirani wote wanamtazama, asijue pa kuficha uso.

Basi wanangu, chakula ambacho wewe huwezi kukitia kinywani, usimpakulie mwenzio.