Mbuzi wa Bi Siwatu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa jiko, nazi ikakunwa.

Na mkunaji je?

Ndiye huyu anakuja, tulieni.

Hapo kale, katika mji wa Kirandani, alikuwako mpishi wa liwali, jina lake Bi Siwatu. Wali wake wa nazi ulinukia hadi kisimani. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Kazi yake ndiyo iliyomlisha.

Uzee ukamwingilia magotini. Akikaa kukuna nazi, hainuki. Akiinuka, hakai. Nanyi mnamjua mbuzi wa kukunia nazi, kile kibao kifupi chenye ulimi wa chuma: ukikikalia, magoti yanakaribia kidevu.

Akaomba mbuzi mrefu. Shamte, msimamizi wa jiko, akamwambia, "Mbuzi hukaliwa chini, bibi."

Akaomba tena. "Mbuzi hukaliwa chini."

Akaomba mara ya tatu. Shamte akasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe huwezi kuinama. Kesho usije."

Bi Siwatu alilia. Si kwa maumivu, jamani, maumivu alikwisha kuyazoea. Alilia kwa kuambiwa usije.

Jioni akaenda barazani kwa liwali.

"Shikamoo, bwana. Ningeishika miguu yenyewe, ila kuinama siwezi."

Liwali akacheka. "Marahaba. Una haja gani?"

"Mbuzi wangu, bwana. Kukaa chini kunatutesa. Naomba apande kitini."

"Mbuzi kitini? Basi na apande hata hiki changu."

Baraza zima likasikia, likacheka.

Asubuhi liwali akakuta mbuzi juu ya kiti chake, Bi Siwatu juu ya mbuzi, miguu kainyoosha, anakuna nazi. Kwaru, kwaru, kwaru.

Shamte akafoka, "Bibi, shuka."

"Mwache," akasema liwali. "Ahadi ni deni." Akaketi mkekani kungoja.

Nazi ikaisha. Liwali akataka kuinuka, asiinuke. Akajaribu tena, wapi. Mara ya tatu akanyoosha mkono, Bi Siwatu akaushika.

"Kumbe na wewe, bwana?"

"Na mimi. Siku nyingi."

"Wewe ulipoumwa uliletewa kiti. Mimi nilipoumwa nikaonyeshwa mlango."

Liwali aliona haya, na haya zile zilimfaa. Seremala akaitwa siku hiyohiyo, akachonga mbuzi mrefu.

Magoti ya Bi Siwatu hayakupona. Siku za baridi yalimuuma vilevile. Lakini alipika mpaka alipochoka mwenyewe, na siku ya kuondoka aliaga mwenyewe.

Hadithi yangu nimeikuna hadi kifuuni. Tui chukueni ninyi, machicha niachieni mimi.